Vitabu sitini vinatosha, mradi vitoke nje

Msimu wa korosho ukifunguliwa, watu wetu walioko Dar es Salaam huanza kukumbuka nyumbani. Wanapiga simu kuuliza bei ya mnada, wanauliza hali ya wazazi, na siku hizi wapo wanaoniuliza mimi habari za maktaba. "Mwalimu, shikamoo. Tumesikia mmeanzisha maktaba. Jengo limefikia wapi?" Nikijibu kwamba jengo hakuna, sauti inapoa. Nikisema vitabu tulivyonavyo havizidi sitini, wananionea huruma, halafu wanaahidi kututafutia mfadhili mwenye kontena.

Naomba wasimtafute. Nimefundisha shule za msingi mpaka nikastaafu, nimerudi kwetu uwanda wa Makonde, upande wa Newala, na ninachotaka kusema gazetini ni hiki: maktaba ya kijiji haianzi na jengo, wala haianzi na shehena ya vitabu. Inaanza na mtu mmoja mwenye ufunguo na daftari, aliye tayari kumwachia mwenzake kitabu aende nacho kwake. Huyo asipokuwapo, leteni vitabu elfu kumi, mtakuwa mmefungua stoo.

Stoo za namna hiyo nazijua. Shule moja niliyofundisha ilipokea katoni za vitabu kutoka ng'ambo. Siku ya makabidhiano ngoma ilipigwa, viongozi walikuja, picha zikapigwa. Tulipozifungua katoni tukakuta mwongozo wa kulipa kodi wa jimbo moja la Marekani, vitabu vya kufundishia programu za kompyuta zilizokwisha kuachwa zamani, na vitabu vya watoto vizuri kabisa, vya rangi, ambavyo karibu kila ukurasa una theluji. Theluji si tatizo kubwa. Picha ni picha, mtoto angezitazama akafurahi. Hakuzitazama. Vitabu viligongwa mhuri, vikaingizwa kwenye leja, vikafungiwa kabatini ofisini, na mpaka nahamishwa shule ile vilikuwa humo humo.

Ni rahisi kumlaumu mwalimu mkuu. Mimi simlaumu. Kitabu kikishaingia kwenye leja kinakuwa mali ambayo yeye anaiwajibikia, na mkaguzi akija anahesabu. Kikikaa kabatini miaka kumi bila kufunguliwa, hakuna atakayemuuliza neno. Kikipotea kimoja mikononi mwa mtoto wa darasa la nne, ataandikiwa barua ya kujieleza. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungenunua kofuli. Utaratibu wetu umemfanya mtu mwema awe askari wa vitabu, na hakuna katoni kutoka nchi yoyote itakayoubadilisha utaratibu huo.

Sisi tulianzia kwenye kibanda cha zamani cha kupimia korosho. Chama cha msingi cha ushirika kilipohamia ghala jipya kilituachia. Kina dirisha moja na sakafu ya saruji iliyopasuka, na mizani mbovu bado inaning'inia darini kwa kuwa hajatokea mwenye ngazi ya kuishusha. Rafu ni makreti ya soda yaliyolazwa kwa ubavu, yameinuliwa juu ya matofali, maana huku mchwa wana hamu ya vitabu kuliko watu. Vitabu vyenyewe vilitoka kwenye masanduku ya watu: langu, la muuguzi mstaafu, na vile walivyoacha majumbani vijana waliomaliza kidato cha nne. Kuna riwaya mbili za Elvis Musiba, moja haina jalada. Kuna Mzimu wa Watu wa Kale wa Mohamed Said Abdulla, kuna Rosa Mistika ya Kezilahabi, kuna Adili na Nduguze, kuna Hekaya za Abunuwasi. Watoto wa Mama N'tilie zipo nakala nne na Joka la Mdimu tatu. Tuna magazeti ya Sani ya zamani yaliyoshonwa pamoja kwa uzi wa gunia, na kamusi ya TUKI iliyonyofoka kurasa za mwisho, kwa hiyo kwetu Kiswahili kinaishia herufi ya U.

Daftari ni kaunta buku moja nene. Lina safu za tarehe, jina, kitongoji, kitabu, na kama kimerudi. Hatuulizi namba ya simu, hatutozi kiingilio, hatutaki mdhamini. Asiyejua kuandika anaweka dole gumba. Bibi mmoja wa kitongoji cha bondeni ndiye mwazimaji wetu hodari wa dole gumba: anachukua kitabu, mjukuu wake anamsomea usiku. Walipomaliza Watoto wa Mama N'tilie alikuja mwenyewe kwa fimbo yake kuuliza kama mwandishi huyo hana kingine, maana kuna mambo hakuridhika nayo.

Wakati wa kuokota korosho vitabu vinarudi na madoa ya mabibo, na doa la bibo halitoki hata ulifanyeje. Miezi ya kupulizia mikorosho vinarudi vinanuka salfa. Binti anayetunza maktaba alitaka tutoze faini ya madoa, nikamkatalia. Doa linaniambia kitabu kilifika shambani, kikashikwa na mikono iliyokuwa kazini. Kabatini vitabu hukaa safi miaka yote.

Wengi wanaopanga maktaba za vijijini hudhani watu watakuja kukaa. Wanachora meza, viti, feni. Huku kwetu maji ni shida ya miaka mingi. Msichana wa darasa la sita akitoka shule ana ndoo ya kujaza, ana mdogo wake wa kubeba, na ugali wa jioni unamsubiri. Mwambie aje akae maktaba saa mbili, atadhani unamtania. Lakini akipita na ndoo yake akachukua kitabu, atakisoma kwenye foleni ya bomba, na foleni ya bomba letu ni ndefu kuliko kipindi chochote cha shule. Ndiyo maana tunafungua Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kuanzia saa kumi jioni mpaka saa kumi na mbili, na ndani hakuna viti isipokuwa cha mtunzaji.

Haya hatukuyabuni sisi. Shirika la vitabu la Afrika Mashariki, East African Literature Bureau, lililoundwa mwaka 1948, lilikuwa likipeleka masanduku ya vitabu vijijini na kuwaazimisha wasomaji kwa njia ya posta, wakati ambao barabara zilikuwa mbaya kuliko za leo. Baada ya Uhuru ikaja sheria ya huduma za maktaba ya mwaka 1963, na Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Baba yangu alijifunzia kusoma katika kisomo chenye manufaa, darasa likiwa chini ya mkorosho na mwalimu wake akiwa kijana aliyemaliza darasa la saba. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma. Kufikia mwaka 1986 takwimu za serikali zilionyesha ni kama mmoja tu katika kila kumi. Ili waliojifunza wasisahau, zikaanzishwa maktaba za vijijini: sanduku au kabati la vitabu vya Kiswahili, na mtu wa kulitunza aliyepata posho ndogo.

Watu wa rika langu wanazikumbuka. Uchumi ulipoyumba miaka ya themanini, vitabu vipya viliacha kuja, posho ikaacha kuja, na mtunzaji akaenda shambani kwake. Vitabu havikuwa vimeisha. Aliyeisha ni mtunzaji. Siku hizi maktaba ya mkoa ipo Mtwara mjini, na ni maktaba nzuri, lakini kutoka kwetu ni zaidi ya kilomita 100, na sijamwona mkulima anayepanda basi kwenda kuazima riwaya.

Majirani zetu wametuonyesha kwamba inawezekana. Kenya, tangu mwaka 1996, huduma yao ya maktaba ya taifa imewapakia ngamia masanduku ya vitabu huko Garissa na kuwafuata wafugaji waliko. Uganda, karibu na Masaka, kuna maktaba ya kijiji cha Kitengesa. Ilianza mwaka 1999 na sanduku la vitabu shuleni. Jengo lilikuja miaka kadhaa baadaye, watu wakiwa wameshazoea kuazima. Wanafunzi wa sekondari wanaosaidia kuiendesha hulipiwa ada ya shule. Hilo la ada ndilo ningependa madiwani wetu waende kuliona, kama kweli wanapenda ziara za mafunzo.

Sasa, vitabu gani? Hapa wafadhili na mimi tunaachana njia. Kijiji kinasoma Kiswahili. Watoto wetu wa sekondari wanahitaji Kiingereza, kweli, na kreti moja la hadithi nyepesi za Kiingereza pamoja na kamusi litawafaa sana. Makreti mengine yote yawe ya Kiswahili, na yaanze na vitabu vinavyomfanya mtu achelewe kulala. Wapo walimu wenzangu wanaonuna wakiona vijana wa bodaboda wanagombania Willy Gamba, yule mpelelezi wa riwaya za Musiba. Wanataka vijana wasome vitabu vya kujenga maadili. Mimi nasema kijana akishamaliza Musiba wawili, ndipo umpe Kezilahabi. Ukimwanzishia cha maadili hutamwona tena.

Halafu tafadhali, nakala zifanane. Nikipewa kuchagua kati ya vitabu vinne tofauti na nakala nne za kitabu kimoja, nachukua nakala nne. Joka la Mdimu lilipokuwa mikononi mwa watu watatu wakati mmoja, kijiwe cha bodaboda kiligeuka bunge. Wengine ambao hawakukisoma walikuja kukifuata kwa sababu walichoka kushindwa hoja. Kitabu kimoja peke yake hakina nguvu hiyo.

Vipo pia vitabu ambavyo watu hawavisomi kwa raha bali kwa haja. Vijitabu vya ubwiri unga na magonjwa mengine ya mikorosho, vya watafiti wa Naliendele, haviwahi kulala ndani msimu ukikaribia. Na kuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, nakala ya Kiswahili, imechakaa mpaka imefungwa kwa solotepu mgongoni. Mjane mmoja aliiazima shemeji zake walipotaka mikorosho ya marehemu. Tulikaa naye mlangoni tukasoma kifungu cha 20, kile kinachobatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, tukakisoma tena polepole, akaweka karatasi pale akaondoka nayo kwenda barazani. Shauri halijaisha. Lakini mzee mmoja wa baraza alikuja wiki iliyofuata kuiazima sheria ile ile, na akakaa nayo mpaka nikamtumia mtoto kuikumbushia.

Watu huniuliza kama vitabu havipotei. Vinapotea. Kuli ya Adam Shafi imepotea; nasikia iko kijiji cha jirani na inapita mkono kwa mkono. Sijaenda kuidai. Tulipoleta jambo hili mkutano mkuu wa kijiji, niliomba tukubaliane kwamba vitabu vitano kwa mwaka vinaweza kupotea bila mtu yeyote kuulizwa wala kutozwa. Mzee mmoja alisimama: "Mwalimu, unahalalisha wizi?" Nikamjibu, "Mzee wangu, mbuzi wawili wa mradi wa shule walikufa mwaka jana, na hatukumfikisha mtu popote." Watu wakacheka, mtendaji akaandika kwenye muhtasari, na kifungu kikapita. Naona kifungu hicho ndicho kilichoifanya maktaba yetu kuwa maktaba. Binti haogopi kufungua mlango.

Kwa hiyo, wale wenye mamlaka ya kurekebisha miongozo ya vitabu vya shule, hasa vya ziada, wangefikiria jambo hili. Wekeni kiwango cha upotevu kinachoruhusiwa, kiandikwe, mkaguzi akijue. Kabati nyingi zingefunguka bila senti moja ya mfadhili.

Hayo ndiyo mepesi. Zito ni malipo ya yule binti. Alimaliza kidato cha nne, hakuchaguliwa kuendelea, na ana akili ya kupanga vitu kuliko maofisa kadhaa niliowahi kuwatumikia. Tulipeleka ombi chama cha msingi, kila kilo ikatwe shilingi kidogo kwa ajili ya maktaba. Wanachama walikataa, na nawaelewa: mkulima wa korosho amekatwa kwa majina mengi mpaka neno makato limekuwa tusi. Tukatafuta njia nyingine. Kuna paneli ndogo ya sola juu ya kibanda. Binti anachaji simu za watu kwa shilingi 300, hela ni yake. Mtu akileta simu hurudi nyumbani na kitabu, kwa kuwa hana cha kufanya simu ikiwa kwenye chaji. Nimesikia wasomi wakibishana kama simu zimeua vitabu. Kwetu simu ndiyo inayomlisha mkutubi.

Ila masika wingu likikaa siku nne mfululizo, binti hapati kitu. Akiolewa mbali au akipata kazi dukani Masasi, kibanda kitafungwa, na mimi kwa umri huu siwezi kukishika peke yangu. Huduma ya watu haiwezi kutegemea jua na moyo wa binti mmoja.

Halmashauri zetu zinapokea ushuru wa mazao kutokana na korosho hizi. Zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na ni jambo jema, maana sheria imesema. Maktaba haina asilimia, basi haipati kitu. Sitaki asilimia. Nataka mstari mmoja kwenye bajeti ya halmashauri: posho ya mtunzaji mmoja kwa kila kata, na fedha kidogo ya vitabu vya Kiswahili. Riwaya nyingi unazipata kwa kama shilingi elfu kumi. Laki tano ni riwaya hamsini, karibu maktaba yetu nzima. Semina moja ya siku mbili, yenye chai, maandazi na posho za kukaa, inakula zaidi ya hapo, na hakuna anayekumbuka ilihusu nini.

Fedha hiyo pia ingebaki kwetu. Wachapishaji tunao: Mkuki na Nyota wako Dar es Salaam tangu mwaka 1991, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza mwaka huo huo, na wamisionari wa Ndanda, hapa hapa mkoani kwetu, wana kiwanda cha uchapaji cha miaka mingi. Mwandishi wa Kiswahili analalamika hana wasomaji, msomaji wa kijijini analalamika hana vitabu, na halmashauri ambayo ingewakutanisha inasubiri kontena kutoka bandarini.

Mwaka wa fedha unaanza Julai, na mapendekezo ya vijiji hukusanywa miezi mingi kabla ya hapo. Wewe unayesoma hapa uliye kijijini, nenda mkutano mkuu ujao, simama, omba mstari huo uandikwe kwenye muhtasari, na mwombe mtendaji akusomee alichoandika kabla hujakaa. Madiwani wasipouona kwenye muhtasari watasema wananchi hawakuomba.

Na ninyi ndugu zetu wa mjini, acheni kontena. Kila mmoja atume nakala mbili za riwaya moja ya Kiswahili ambayo ameisoma mwenyewe na kuimaliza. Mabasi ya Newala yanapokea vifurushi, na nauli ya kifurushi ni ndogo.